Maziwa ya Asiye na Jina

Mfyonzo mmoja ulisikika gizani, kama wa mtoto anayeng'ang'ania titi, kisha kimya.

Ntinyari alijipapasa kifuani. Gauni lilikuwa limelowa tena. Mtoto wake alizikwa hapa Mikinduri miaka miwili iliyopita, akiwa na siku tisa.

Daktari Mwaniki wa Meru mjini alikuwa na maelezo: uvimbe usio wa saratani kwenye tezi chini ya ubongo. Huo ndio ulioleta maziwa, huo ndio ulioyaminya macho. Alimwingiza katika majaribio ya dawa mpya. Wiki ya sita maziwa yakakauka, na mwalimu Ntinyari akauona tena ubao mzima wa darasa lake.

Ndipo kilio cha njaa kilipoanza nyuma ya mlango.

Akaacha kumeza dawa. Maziwa yakarudi, kilio kikatulia, giza likamrudia pembeni mwa macho.

Kliniki, daktari alihesabu tembe zilizobaki. "Mwalimu, hizi zote umewawekea kuku?" Alipoona hacheki, akashusha sauti. "Ukiendelea hivi mwezi mmoja, macho yataenda. Na hayatarudi."

Jioni hiyo Ntinyari alimkuta mama mkwe jikoni, karibu na mafiga.

"Mama, mpe mtoto jina lako."

Kwa mila yao, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Lakini siku ya mazishi mama huyu alikataa katakata jina lake litangulie kaburini, na mtoto akafukiwa bila kuitwa.

"Nikimpa, atanifuata mimi," alinong'ona.

"Nisipomeza, nitakuwa kipofu."

Ntinyari akameza tembe mbele yake.

Kilio kikaja bila kungoja maziwa yakauke, kikapita mlango uliofungwa, na juu ya majivu yaliyomwagika sakafuni vikatokea vijialama vya viganja vidogo, kimoja, kingine, vya mtoto anayetambaa, ingawa yule wa siku tisa hakuwahi kutambaa, vikamfikia Ntinyari, vikasita, harufu ya maziwa machachu ikajaa jiko zima, kisha vikageuka polepole kuelekea kigoda cha mama mkwe, na pindo la leso yake likaanza kuvutwa chini.

Mama alimtazama mkaza mwana wake, ambaye alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akimtafuta yeye aliyekuwa mbele yake kwa macho yake mabovu.

Mama akakunjua mapaja, akafungua mikono, akalitamka jina lake mwenyewe.

"Njoo, Gatwiri."