Tone la Mafuta Kwenye Shata

"Bonyeza tena," mkewe alimwambia.

Fundi alibonyeza. Kamera kuukuu ikaalika vizuri tu, lakini alipochungulia kwa nyuma kuelekea dirishani hakuona hata chembe ya mwanga. Shata, kile kilango cha kupitishia mwanga ndani ya lenzi, haikufunguka.

"Kwa hiyo picha zote thelathini na sita nilipiga giza."

"Ndiyo."

Mkewe aliketi kwenye kiti cha wateja. Wiki tatu nyuma alikuwa hospitalini na mama yake, akimpiga picha akicheka, akinywa uji, akisinzia. Mama alikuwa mtu wa kukwepa kamera maisha yake yote, na zile ndizo picha pekee alizowahi kukubali uzeeni, kabla hajafariki. Jana mkanda ulirudi kutoka kusafishwa ukiwa mtupu kabisa, na ndugu wakamshukia yeye kama mwewe.

Fundi alifungua lenzi, akamulika kwa tochi. Vile vipande vyembamba vya shata vilikuwa vimegandana kwa mafuta, na mafuta yale aliyatia yeye. Shata haitiwi mafuta, fundi yeyote analijua hilo. Ilitakiwa aifungue yote aisafishe kwa spiriti, kazi ya saa nne nzima. Mchana ule wa wiki tatu nyuma aliangusha tone moja, shata ikafunguka mara tatu, akamkabidhi mkewe: tangulia hospitalini, nakufuata.

"Umeona nini?"

"Unyevu," alisema. Uongo ulimtoka kirahisi mpaka akajiogopa. "Labda ilikaa kwenye mfuko uliolowa."

"Nilibeba chupa ya maji humo." Mkewe akainamisha kichwa. "Basi ni mimi."

Simu yake ikaita. Alikuwa kaka yake, na sauti ilisikika hadi mezani.

"Mmejua tatizo?"

"Ni mimi, kaka. Niliiweka pamoja na maji."

"Tulikuwa na mama mmoja, dada. Na tulikupa kazi moja."

"Najua. Nisamehe."

"Mdogo wetu hataki kukuona kwake kwa sasa. Na mimi simlaumu."

Simu ikakatwa. Mkewe alikifuta kioo cha simu kwa upindo wa kanga, kana kwamba maneno yale yangefutika, halafu machozi yakaanza kumtiririka kimyakimya. Fundi alijisikia mdogo kuliko skrubu zilizokuwa mbele yake.

"Si maji," alisema. "Ni mafuta. Nilitia mimi."

"Wewe? Wewe unayefokea watu kwa kutia mafuta kwenye shata?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Siku ile ulikuwa unakuja kumwona mama."

Mkewe alifungua simu, akatafuta, akasoma polepole ujumbe wa mumewe wa siku ile:

"'Gari limeharibika njiani, mpenzi. Mwambie mama nitakuja kesho.' Mama aliniomba nimkalishe, mkwe wake asimkute amelala. Alikaa hivyo mpaka giza likaingia. Kesho yake hakuimaliza. Ulikuwa wapi?"

"Kwa yule mwanamke. Yule niliyekuapia tumeachana."

Mkewe hakupiga kelele. Aliisukuma kamera mbele ya fundi.

"Itengeneze."

"Sasa hivi?"

"Ifungue yote, kama unavyowafanyia wateja. Nitasubiri."

Akaifungua. Alifuta kipande kimoja kimoja kwa pamba na spiriti. Mkewe hakuondoa macho kwenye vidole vyake. Saa nne baadaye aliichukua kamera, akaielekeza dirishani, akajaribu kila kasi ya shata. Mwanga ulipita kila mara.

Akaivaa begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka. Nikamweleze si mimi."

"Mke wangu, hebu tukae tuongee."

"Nilikaa. Nilitaka kujua kama siku ile kuitengeneza hukuweza au hukutaka." Akafungua mlango. "Uliweza."