Mfiwa Aliyetaka Kuulizwa

Ijumaa baada ya sala, mtaa wa Najma, mjini Doha, hujaa watu mpaka kivuli cha kusimama hukipati. Kila mwenye siku ya mapumziko yuko barabarani. Mnepali anaongea na simu yake, Mkenya ametoka kanisani na nguo zake nzuri, na Mtanzania anatafuta chakula cha kwao. Siku hiyo Saida, mtoto wa Tanga, aliingia kwenye duka la Mhindi pale kona, amevaa baibui jeusi na mtandio wa zambarau uliompendeza kuliko alivyojijua mwenyewe. Akanyoosha mkono kwenye fungu la mwisho la muhogo. Mkono mwingine ukafika pale pale.

"Samahani dada, huu nimeuona tokea mlangoni."

"Wewe umeuona, mimi nimeushika."

Saida akainua macho. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe la udereva limepigwa pasi likanyooka, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, na jicho la mtu anayetaka kucheka.

"Utaula na nini?" kijana akauliza.

"Na nazi. Kwani unaandaa ripoti?"

"Na papa je?"

"Papa nimpate wapi mie, huku Doha?"

"Mimi ninaye. Mkavu, kaletwa na mtu wa Pemba. Wenzangu chumbani wanataka kunifukuza kwa harufu." Akaachia muhogo. "Chukua wote. Lakini nipe namba yako, nikuletee papa wako."

"Nani kakwambia ni wangu?"

"Mwache tu anuke, basi."

Saida akacheka mpaka mwenye duka naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Namba ikatoka. Kijana aliitwa Idrisa.

Yakaanza mambo ya simu. Idrisa alikuwa akiendesha gari la familia moja huko Muaither, na kazi ya dereva, kama mnavyoijua, nusu yake ni kungoja. Anangoja watoto shuleni, anangoja mama mwenye nyumba sokoni, na kila akingoja, simu ya Saida inalia.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Kazini. Nina mgonjwa."

"Mwanamume?"

"Mzee wa watu, hata kugeuka kitandani hawezi! Wivu wako huu nitaupeleka wapi?"

"Uweke kwenye mkoba, uje nao nyumbani."

Saida alikuwa mkandaji, tena mkandaji aliyesomea viungo vya mwili. Kliniki yake ilichanganya tiba: mgonjwa anapewa dawa za hospitali, anakandwa, anachomwa sindano za Kichina, anafundishwa kuvuta pumzi maumivu yapungue. Mkubwa wake alikuwa Daktari Virginia, Mkenya mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri.

Mwaka ule chuo kimoja cha Wabudha kutoka Sri Lanka kiliwaomba ushauri. Chuo kilikuwa kinasomesha wafariji, watu wa dini yao watakaokaa na wagonjwa na waliofiwa. Wanafunzi wengine walikuwa wafanyakazi wa hapo hapo Doha. Mtawa wao, mzee mwenye joho la rangi ya manjano, aliwafundisha kwa skrini, akaitaka kliniki iwaeleze mambo ya mwili. Mgonjwa mwenye kihoro anashikwaje? Akikosa pumzi anakalishwaje? Azungumzishwe, au aachwe?

Hili la mwisho lilimwangukia Saida, naye akalijibu kwa alichokiona kazini. "Msimchokonoe kwa maswali," aliwaambia. "Maswali yanamchosha. Kaeni naye kimya, pumueni naye polepole, na mwili wake utawafuata." Mtawa akapenda, chuo kikaifanya kanuni.

Idrisa aliposikia alitania sana. "Usije ukanyoa nywele, Saida. Mimi hizo nywele sijaziona bado."

"Nawashauri mambo ya pumzi tu, bwana. Dini yangu iko pale pale."

"Na mimi niko pale pale?"

"Wewe nitakuona."

Lakini alishaona. Idrisa alilelewa na bibi yake huko Wete, Pemba, na bibi alikuwa amekubali kwenda Tanga na Ami yake Idrisa, ndugu wa baba yake, wapande boti, wapeleke posa. Mama yake Saida alishaambiwa, akaanza kusafisha nyumba kama anangoja serikali.

Basi asubuhi moja, Saida yumo kazini, simu ikalia. Akatoka ukumbini kuipokea.

"Saida." Sauti ya Idrisa ilikuwa nyembamba. "Bibi amefariki. Alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Wanazika adhuhuri. Siwahi. Hata nikiruka sasa hivi, siwahi."

Saida alitaka kumuuliza mengi, nayo mafunzo yakamzuia. Akajiambia: usimchoshe huyu, kaa naye. Akafumba macho, akavuta pumzi taratibu, akaitoa, mwenzake apate kuisikia, naye apumue. Alimpenda mtu yule kwa kila pumzi aliyoivuta. Upande wa pili Idrisa alikuwa ndani ya gari nje ya shule, anangoja.

"Saida, upo?"

"Nipo."

Saida akavuta pumzi nyingine, ndefu. Honi zikalia, watoto wakapiga kelele.

"Haya," Idrisa akasema. "Rudi kazini."

Jioni Saida alipiga, haikupokelewa. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata ukaingia ujumbe: *Nimemwambia Ami asiende Tanga. Mtu asiyetaka hata kujua bibi yangu kafa vipi, nitamweka wapi katika nyumba yangu? Nisamehe.*

Saida aliusoma amesimama, akakaa chini sakafuni. Asiyetaka kujua? Yeye?

"Ai, Saida, umefanya nini na huo uso?" Daktari Virginia akamkuta hivyo.

Saida akamweleza yote. Virginia akasikiliza, akaguna. "Sasa hiyo si mimi wa kuamua. Lakini wanafunzi wanakuja leo mchana kwa zoezi, na mfiwa wa kuigiza hatuna. Wewe umelia tayari. Keti hapo."

"Daktari, sitanii."

"Hata mimi sitanii. Keti."

Wakaja wanafunzi, mtawa akiwa kwenye skrini. Aliyepangiwa kumfariji Saida alikuwa Kumari, mama wa Sri Lanka anayelea wazee majumbani, amevaa sari nyeupe aliyoipiga pasi kwa ajili ya siku hiyo. Saida akaambiwa aseme lolote linalomuuma. Akasema, "Nimempoteza mtu," na machozi ya kweli yakamtoka.

Kumari akafanya kila kitu sawasawa. Alivuta kiti karibu, akaweka viganja magotini, akatulia. Akapumua polepole, kama Saida alivyowafundisha. Macho yake yalikuwa na huruma tele. Na Saida, akiwa upande ule wa pili kwa mara ya kwanza, akangoja. Akangoja aulizwe ni nani huyo. Aulizwe alikuwaje. Ule ukimya wenye huruma ukamzingira kama chumba kisicho na mlango, akahisi kwamba jina la mtu wake litamwozea mdomoni.

"Niulize kitu!" akapiga kelele. "Niulize anaitwa nani, Kumari, nakuomba!"

Watu wakashtuka. Kumari maskini akatazama skrini, akamtazama Saida, akasema kwa Kiingereza chake cha upole, "Lakini wewe ndiye uliyesema tusiulize."

Virginia akaziba mdomo asicheke. Saida hakuwa na pa kujificha.

"Nilisema," akakiri. "Niliwaambia hivyo kwa sababu ya wagonjwa wangu. Wale wana maumivu, wamechoka kusema. Lakini kwetu, mtu akifiwa tunamuuliza. Aliugua lini? Nani alikuwa naye? Alisema nini mwisho? Anasimulia, anasimulia tena kwa anayefuata, mpaka kifo kimwingie akilini. Asiyeuliza, kwetu, ni mtu ambaye msiba haumhusu." Akafuta uso. "Kanuni ile ibadilisheni: mfiwa mwenyewe aseme anataka lipi. Mimi nilikosea kuifanya ya watu wote."

Mtawa kwenye skrini akainamisha kichwa, akaandika. Saida akavua koti jeupe.

"Unaenda wapi?" Virginia akauliza.

"Msibani."

Ilikuwa siku ya hitima ya bibi yake Idrisa. Watu wa Pemba na Unguja walikutana nyumbani kwa Bi Khadija, mama wa Kipemba aliyezoea kuwapokea, kule Al Thumama, wasome Kurani kisha wale chakula pamoja. Saida alifika amevaa kanga juu ya baibui, akapita moja kwa moja jikoni, akashika mwiko. Bi Khadija alimtazama mara moja, akamsogezea sufuria la pilau.

Watu walipokwisha kula, Idrisa alikuwa ameketi peke yake kwenye ngazi za nje, kanzu imemlegea mabegani, sahani yake ya pilau iko kando haijaguswa. Saida akaja akasimama chini yake kidogo, mlango uko wazi, wanawake wanaosha vyombo wakiwaona.

"Hujambo, Idrisa."

"Sijambo."

"Pole sana."

"Nishapoa."

"Hujapoa." Akakaa ngazi ya chini. "Aliugua lini?"

Idrisa akageuza uso.

"Nakuuliza. Aliugua lini?"

"Hakuugua," akasema hatimaye, kwa shida. "Aliamka kuswali. Alikuwa mzima."

"Nani alikuwa naye?"

"Binti wa jirani. Bibi alimwomba maji. Kabla hata ya kuonja akamwambia yana chumvi. Bibi yangu miaka yote alilalamikia maji ya kisima kile, Saida. Hata siku ile."

"Akanywa?"

"Akanywa yote. Akasema, mbona leo matamu? Akalala."

Hapo Idrisa alilia, akalia vizuri, na Saida akaendelea kumuuliza. Alivikwa sanda na nani? Kaburi liko upande gani? Alimwitaje Idrisa alipokuwa mdogo? Kila jibu lilizaa jingine, na jua likashuka ukutani, na uso wa mtu yule ukarudi kuwa uso wake.

"Kwa nini siku ile ulinyamaza?" akauliza yeye sasa.

"Nilikuwa nakufanyia kazi ninayowafanyia wagonjwa. Nilidhani nakupenda kwa njia bora." Saida alitazama mikono yake. "Nisamehe. Ukinitaka, nitakuuliza mpaka uchoke. Usiponitaka, nitakwenda, lakini bibi yako nimeshamjua."

Idrisa alitoa simu, akabonyeza, akaiweka kwa sauti kubwa juu ya goti.

"Ami, shikamoo. Ile safari ya Tanga..."

"Ile uliyonikataza?" Sauti nzito ilitoka Wete na kuku nyuma yake. "Mimi nilikusikia, nikakuacha uhemke. Kanzu iko tayari. Bibi yako alishanipa na maneno ya kusema, sasa niyatie wapi? Tutakwenda ikipita arobaini yake."

"Ndiyo, Ami."

"Na huyo anayepumua hapo karibu yako, mwambie namsikia."

Saida akaziba uso kwa kanga, halafu akaifungua.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Huyo kijana amekula leo?"

Saida akamtazama Idrisa, akatazama sahani yake iliyojaa bado.

"Bado, Ami," akasema. "Nampa sasa hivi."