Nani Kamchukua Paka wa Dobrin?

Alhamisi, saa kumi na moja na dakika tano jioni, Mzee Penko Radulov alifungua kabati la kioo apanguse vumbi, akakuta paka hayupo.

Paka mwenyewe hakuwa wa nyama na manyoya. Alikuwa gemu ndani ya kaseti ya plastiki ya kijivu, iliyotengenezwa kwa mkono na marehemu mhandisi Dobrin Hadzhiev mwaka 1991, hapa hapa Gabrovo, mji wa Bulgaria unaosifika kwa ubahili. Iko moja tu duniani. Ilipatikana mwezi uliopita katika vitu vya marehemu, na Jumamosi hii klabu ya mashine za zamani ilikuwa imepanga kuicheza mubashara mtandaoni na kuirekodi yote, kabla uzee haujaimaliza.

Inspekta Nedyalka Kolcheva alifika saa kumi na moja na nusu, mkononi bado ana kipande cha banitsa, andazi la jibini. Katika maisha yake hakuwahi kucheza gemu hata moja, ila alijua kusikiliza. Klabu ilikuwa chini ya kiwanda cha zamani cha nguo: chumba cha mbele kimejaa televisheni za kichogo, chumba cha nyuma kina kabati na mlango wa kutokea kichochoroni.

"Kioo kizima, kitasa kizima," alisema. "Funguo za kabati ziko ngapi?"

"Tatu, afande. Yangu, ya Zlatina binti wa marehemu, na ya Kamen, mchezaji wetu."

"Na huo mlango wa nyuma?"

"Mchana haufungwi. Sisi watu wa Gabrovo, kufuli moja inatosha. Ya pili ni anasa."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chumba cha mbele, nacheza, vipokea sauti masikioni. Saa kumi kamili nilimwona paka kwa macho yangu mawili. Nikakaa kwenye mashine. Saa kumi na dakika ishirini na tano umeme ukakatika mtaa mzima, kama sekunde arobaini hivi, mashine zote zikazima. Nilikuwa hatua ya nane, afande! Uliporudi, nikaanza upya hatua ya kwanza. Karibu nilie."

"Pole," alisema Kolcheva, akaandika saa hiyo kwenye daftari.

Kisha akaona kitu juu ya meza ya fundi: gamba tupu la kaseti, la kijivu, na kando yake bisibisi na gundi. Aliliinua kwa vidole viwili. Mzee Penko aliiva uso kama pilipili ya kuchoma.

"Na hili?"

"Hilo si lenyewe! Nilikuwa natengeneza la mfano. Nimpe Zlatina."

"Unipe mimi kwa nini?"

Zlatina Hadzhieva, msusi wa miaka arobaini na minne, alikuwa amesimama mlangoni, shavu moja limevimba, maneno yanamtoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kwa sababu ulilia kwenye mkutano," alisema Mzee Penko. "Ulisema unataka kitu cha baba yako cha kukaa nacho nyumbani. Nikaona, ya kweli ibaki klabu, wewe upate pacha wake."

Kolcheva alimgeukia yule mwanamke. "Kwenye mkutano huo ulisema nini hasa?"

"Nilisema baba yangu si sarakasi ya mtandaoni, na kwamba ningeichukua." Zlatina hakukwepa macho. "Nilisema kwa hasira. Lakini leo kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja nilikuwa nimekenua kwa daktari wa meno. Mpigie. Amening'oa jino la mwisho, mwambie bado panauma."

Kolcheva alipiga simu pale pale. Daktari alithibitisha saa, jino, na matusi.

"Amebaki Kamen," alisema inspekta.

Mzee Penko alicheka. "Kamen! Afande, Kamen ndiye pekee aliyewahi kuimaliza gemu ile, tena akiwa mtoto wa miaka tisa. Hadithi hiyo inajulikana na watazamaji wake wote elfu arobaini. Yeye ndiye wa kucheza Jumamosi. Halafu leo saa kumi hadi saa kumi na moja alikuwa mubashara nyumbani kwake. Nchi nzima ilimwona!"

"Mimi sikumwona. Nionyeshe."

Usiku huo Kolcheva alilala mapema. Ijumaa asubuhi aliitazama mtandaoni ile saa moja ya Kamen mara mbili, chai ikipoa mezani. Kwenye kona ya picha Kamen Boyadzhiev alionekana amekaa, nyuma yake taa ya kivuli cha kijani, akicheza gemu ya zamani ya ndege za vita. Mwanzoni kabisa alisema, "Leo sisomi maoni yenu, jamani, nataka utulivu." Watazamaji waliandika salamu, maswali, mizaha. Hakujibu hata moja. Mchezo ulikwenda tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatika.

Saa tatu na nusu Kolcheva alikuwa mbele ya jengo la Kamen, mtaa ule ule wa klabu, ng'ambo ya daraja. Bibi mmoja alikuwa anapanda ngazi na kikapu cha viazi, akihema.

"Lifti imeharibika, bibi?"

"Nzima! Ila mimi na yeye tumeachana. Jana saa kumi na nusu kasoro ilizima nikiwa ndani, giza totoro. Wanasema ilikuwa sekunde arobaini. Mwanangu, mimi Mwothodoksi nilimaliza sala zote ninazozijua nikaanza za Wakatoliki!"

Kolcheva alimbebea viazi hadi ghorofa ya tatu, kisha akagonga mlango wa Kamen. Kijana wa miaka thelathini na moja alifungua, ndevu zimechongwa vizuri, tabasamu tayari.

"Karibu, afande! Nimesikia. Nimeumia sana."

"Nieleze kidogo kazi yako, maana mimi mshamba. Picha inatokaje kwenye mashine hadi kwa watu?"

Kamen alifurahi. "Rahisi. Mashine inaunganishwa na hiki kisanduku cha kurekodia, kisanduku na laptopu, laptopu inarusha kwa intaneti ya simu."

"Laptopu ina betri?"

"Masaa matano."

"Na mashine? Isije kuwa nayo ina betri, au umeweka kitu cha kushikilia umeme?"

"Aa, hapana!" Alilipapasa kwa mapenzi sanduku la kijivu la mashine. "Hii ni ya asili, afande. Waya wa ukutani, basi. Mimi sichanganyi mambo."

"Na taa ile ya kijani?"

"Ya ukutani pia."

Kolcheva alikaa bila kukaribishwa. "Jana saa kumi na dakika ishirini na tano umeme ulikatika mtaa huu. Mashine za Mzee Penko zilizima zote. Bibi wa viazi alikwama kwenye lifti yenu. Lakini kwako taa haikupepesa, na ndege zako ziliendelea kuruka. Kijana, ndege zile zilikuwa zinakula nini?"

Kamen aliitupia jicho soketi ya ukutani.

"Ulijirekodi siku nyingine," aliendelea inspekta, sauti yake ya upole kama ya mwalimu. "Jana ukaiacha laptopu irushe ile rekodi. Ndiyo maana hukujibu mtu. Wewe ulipita kichochoroni ukiwa na ufunguo wako, Mzee Penko amezibwa masikio. Sijui jambo moja tu. Kwa nini? Jumamosi ilikuwa siku yako."

Kijana alisimama, akaenda jikoni, akarudi na mkebe wa biskuti. Ndani, kwenye kitambaa cha vyombo, alikuwamo paka.

"Sikuwahi kuimaliza," alisema. "Mhandisi Dobrin alinipa nicheze mara moja, dakika kumi. Sikuvuka hata daraja la kwanza. Nilipoanza kurusha mubashara nilikuwa na watazamaji kumi na mmoja, nikatafuta kitu cha kusema. Dobrin ameshakufa, kaseti imepotea, nani atanibishia? Uongo ukaota miguu. Halafu kaseti ikapatikana, na wote wanasema, Kamen acheze, Kamen acheze! Ningeaibika mbele ya elfu arobaini. Nilitaka Jumamosi ipite tu, afande. Kuiharibu nilishindwa. Nimeilinda kama yai."

"Na Mzee Penko angebaki anashukiwa."

Kamen aliinamisha kichwa. 

Zlatina alipoambiwa alimtoa paka kwenye mkebe, akampangusa kwa kile kitambaa. Kisha akasema hatashtaki, kwa sharti moja: Kamen aseme mwenyewe, mubashara, na amwombe Mzee Penko radhi mbele ya wote. Kolcheva aliandika onyo kali, akaligonga muhuri.

Jumamosi, saa tano asubuhi, watazamaji elfu kumi na mbili walimwona Kamen akisema yote, masikio yamemwiva. Alipomgeukia Mzee Penko, mzee alimkatisha katikati ya radhi: "Nimekusamehe. Ila viti vya klabu utavipanga wewe mwaka mzima." Kisha Zlatina akamkabidhi padi ya kuchezea. "Haya, bingwa."

Paka alidumu sekunde kumi na mbili, akatumbukia mtoni. Chumba kizima kiliangua kicheko, Kamen akiwamo, na hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Alhamisi.

Mzee Penko alifika daraja la kwanza. Zlatina, ambaye alikuja kukaa pembeni tu, alinyang'anya padi akidai wote hawajui. Kwa kubahatisha na kupiga kelele alivuka daraja, akaingia hatua ya pili ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Palikuwa na nyumba yenye roshani ya mbao. Dirisha likafunguka, msichana mdogo mwenye misuko miwili na gauni la njano akatoa kichwa, akamrushia paka samaki, akapunga mkono, akafunga.

Zlatina aliacha kubonyeza. "Hilo gauni ni langu," alisema polepole. "Hiyo ni roshani yetu. Huyo ni mimi."

Mzee Penko alisogeza kiti chake karibu na televisheni. 

"Mrudisheni huyo mtoto," alisema Zlatina, akijifuta macho kwa kiganja.

"Paka harudi nyuma," alijibu Mzee Penko. "Msichana tumemrekodi, utamtazama baadaye ukitaka. Lakini kwenye gemu, hadi ufe uanze upya."

"Wa kurekodiwa sitaki," alisema Zlatina, akamwongoza paka hadi ukingoni, akamrusha mtoni kwa furaha kubwa. "Haya, nimekufa. Tuanze."