Kitambaa cha Spika ya Nchagwa

Nchagwa hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na kiti cha pili cha kumkalisha mgeni, hakuwa na pazia dirishani wala saa ukutani. Chumba chake cha kupanga kule Oruba, mjini Migori, hakikuwa na dari. Na kwa kuwa vyumba vyote vya ploti ile vilikaa chini ya paa moja la mabati, hakuwa na siri pia: akikohoa, jirani wa chumba cha mwisho alimwambia pole. Mke hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni kazi ya kusoma mita za maji, suruali mbili za khaki zilizopigwa pasi kama za askari, na gitaa jekundu la umeme ambalo halikuwa na pa kutolea sauti.

Gitaa la umeme lisilo na amplifaya hunong'ona tu, kama mzee asiye na meno. Zamani Nchagwa alilipiga katika bendi ya Joash, kwenye baa za Kehancha na Isebania, mpaka akachoka kula chakula cha jioni saa ambayo watu wengine wanaamka. Sasa alitaka kulipiga nyumbani, amevaa malapa. Amplifaya ilikuwa mbali na uwezo wake, na spika vilevile, basi akaamua kuanza na kile alichoweza, yaani kitambaa cha kufunika uso wa spika.

Ndiyo maana siku ya soko, mwaka 1996, alikuwa amesimama kwenye kibanda cha vitambaa, kipande cha pazia kikiwa mdomoni, akipuliza.

"Kaka, hicho ni kitambaa, si chai. Mbona unakipuliza?"

Aliyeuliza alikuwa mwenye kibanda, Nyatichi, msichana wa Kisii aliyevaa gauni la manjano lenye kola nyeupe, nywele zimefungwa kwa kipande cha kitenge, futi ya fundi cherehani ikining'inia shingoni kama mkufu.

"Nataka kujua kama hewa inapita," akasema Nchagwa.

"Hewa ya nani?"

"Ya spika."

"Spika inapumua?"

"Inasukuma hewa. Kitambaa kikiwa kizito, sauti inabaki ndani."

Muuzaji mwingine angecheka na kumgeukia mteja anayefuata. Nyatichi alicheka, kisha akachukua kipande cha pamba, akakiweka mdomoni na kupuliza. "Hiki hakipiti." Akachukua kingine. "Hiki kidogo." Wakapuliza pamoja, mashavu yamejaa, hadi mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa wa omena akasimama kuwatazama.

"Hiki!" Nyatichi akanyanyua kitambaa cha kahawia kilichofumwa wazi wazi. "Kinapitisha mpaka mbu. Nikukatie kiasi gani? Spika yako ina upana gani?"

"Sijui. Bado sina."

"Huna spika, na unainunulia nguo?" Akaweka mkono kiunoni. "Wewe ni mtu wa kununua nepi kabla ya kuoa!"

"Basi niwekee. Nikiipata nitakuletea vipimo."

"Nitakuwekea, Bwana Spika. Lakini usikae mpaka nizeeke."

Hakukaa. Karibu na kibanda palikuwa na duka la dawa la mzee Machuki, lenye simu. Ofisi ya maji nayo ilikuwa na simu. Muda si mrefu Machuki akazoea kugonga ukuta wa mabati kwa fimbo: "Nyatichi! Maji yako yamefika!"

"Haloo?"

"Malkia wa mapazia, umelalaje?"

"Kwa kuwaza. Hebu niambie, mbona huwezi kutumia spika ya redio?"

"Umeniwaza mimi ama spika?"

"Spika. Wewe ulipita tu katikati."

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyokua, kwa maswali. Nyatichi alitaka kujua kila kitu: kwa nini waya mmoja mnene na mwingine mwembamba, kwa nini sanduku la spika ni la mbao na si la bati. Nchagwa alijibu alichojua, na asichojua walikwenda kukitafuta pamoja.

Jumapili moja walifika Homa Bay kwa Filister, mama wa makamo mwenye leso mbili kiunoni, aliyekuwa akiuza vyombo vya bendi ya marehemu kaka yake. Aliviweka sebuleni, kati ya kochi na mapipa ya maji.

"Nyathina," akamwambia Nchagwa, kama mama anavyomwita mwanawe, "unanunulia ukumbi ama nyumba?"

"Chumba, mama. Kimoja."

Filister akawaonyesha vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa amplifaya ndogo kama sanduku la nguo la mwanafunzi, spika imo humo humo. Cha pili kilikuwa na sehemu mbili: amplifaya ya taa za kioo, na sanduku la spika la mbao lililomfika Nchagwa pajani.

Nyatichi akachuchumaa nyuma ya ile ya taa za kioo. "Hizi taa za nini, mama?"

"Zikipata moto, sauti inakuwa laini. Kaka yangu alikuwa akizingoja kama ugali."

"Na hili sanduku lilikuwa linaenda wapi?"

"Baa zote, kutoka hapa mpaka Sori."

Nyatichi akasimama. Akaishika ile ndogo kwa mpini wake. "Tuchukue hii. Hii ni ya mtu anayekaa nyumbani."

Filister akafungua mdomo, akawatazama wote wawili, akaufunga. Baadaye tu, mlangoni, alimnong'oneza Nchagwa: "Ikikushinda, irudishe tubadilishane."

Walikula mbuta wa kukaanga karibu na gati, upepo wa ziwa ukipepea kola ya Nyatichi. Hapo ndipo alipoacha mzaha.

"Dada yangu Bosibori aliolewa na mpiga ngoma. Watoto wake walijua baba yupo wakiona viatu mlangoni asubuhi. Nchagwa, mimi siwezi. Sitaishi nikisikiliza mlango."

"Hutasikiliza mlango. Utasikiliza gitaa."

"Niahidi kwamba bendi imekwisha."

"Imekwisha, kipenzi."

Alisema kweli. Shida ilianza alipofika nyumbani. Amplifaya ndogo, ikipigwa polepole, ililia kama nyuki ndani ya kopo. Nyuzi nene hazikusikika kabisa. Ili besi itoke ilibidi aongeze sauti, na alipoongeza, mtoto wa Liz, jirani wa ukuta, akaamka akipiga mayowe, na Liz akagonga ukuta kwa mwiko.

"Nchagwa! Njoo umnyonyeshe basi!"

Alivumilia wiki nzima. Kumwambia Nyatichi kwamba alichokichagua hakifai aliona aibu. Akataka kwanza arekebishe mambo, kisha amkaribishe Jumapili asikie mwenyewe. Akamtafuta mtu pekee aliyemjua mwenye pikapu, naye ni Joash, kiongozi wa bendi.

Siku waliyokwenda Homa Bay kubadilishana ilikuwa Ijumaa. Nyatichi, ambaye ni Msabato, alikuwa akifunga kibanda mapema kabla jua halijatua. Pikapu ikapita. Nyuma lilikuwa limelala lile sanduku kubwa la Homa Bay. Mbele aliketi Joash, na kofia yake nyekundu ya jukwaani iliyojulikana mji mzima, na kando yake Nchagwa akicheka.

Jumapili Nyatichi hakwenda Oruba, ingawa alikuwa amealikwa. Jumatatu Machuki akagonga ukuta.

"Kipenzi, jana nilipika wali ukakauka nikikungoja."

"Joash hakula?"

"Ulituona."

"Niliona sanduku."

"Nisikilize, Nyatichi. Lile ni la nyumbani."

"La nyumbani! Sanduku linalomfika mtu pajani? Ungeniambia ukweli tu, ningelia siku moja nikanyamaza."

"Lakini linasema polepole kuliko lile..."

"Hata mlevi husema anakunywa polepole."

Akaweka simu chini. Machuki, aliyekuwa akihesabu vidonge kwa kisu, hakuinua macho. "Maji yamekatika?"

"Yamekatika, mzee."

Nchagwa alipiga tena na tena, lakini simu haikupokewa. Alipofika kibandani, suruali yake ya khaki imenyooka, aliambiwa mbele ya wateja: "Leo hatuuzi vitambaa vya kupuliza." Akainama, akaondoka. Kitambaa cha kahawia kilibaki chini ya meza, kimekunjwa, na Nyatichi hakumuuzia mtu.

Mvua zilipokaribia kwisha, alikuja mteja mwenye mtoto mgongoni akitaka pazia.

"Nyumba yako ina dari?" Nyatichi aliuliza, akipima.

"Dari Oruba? Dada, sisi tunaishi pamoja kama kuku. Bahati yangu jirani ni mtu wa gitaa. Mtoto huyu halali mpaka asikie."

Futi ikasimama. "Ningedhani gitaa lingemwamsha."

"Lile dogo ndilo lililomwamsha. Tangu alete hili kubwa, analala kama jiwe."

"Haiwezekani. Kubwa linawezaje kuwa na kelele kidogo?"

"Mimi nijue? Naitwa Liz, si mhandisi."

"Na usiku anatoka?"

"Atoke aende wapi? Jioni anapiga gitaa, anaosha sufuria, anazima taa. Tunasikia yote."

Kusamehe, Nyatichi angeweza kukataa. Swali lisilo na jibu hakuliweza. Jioni hiyo alikuwa ameketi kwenye kitanda cha Liz, mtoto amelala kando yake, wakati ng'ambo ya ukuta waya ulipochomekwa.

Sauti ilikuja kupitia juu, chini ya mabati, nzito na pana. Nyuzi nene zilisikika moja moja, laini kama mtu anayeongea na nafsi yake. Mtoto akavuta pumzi, akageuka, akaendelea kulala. Nyatichi akamkumbuka baba yake, mzee Motari, mwenye kifua kama mlango, ambaye katika kwaya ya kanisa huimba besi kwa sauti ya chini kuliko wote, huku vijana wembamba wakipaza mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Akainua uso kuelekea paani. "Nchagwa! Hilo lina kifua, sivyo?"

Gitaa likakatika. "Nyatichi?"

"Jibu."

"Lina kifua. Dogo lilibidi lipige kelele ndipo liwe na besi. Hili lina nafasi. Nikiishusha sauti chini kabisa, bado linasema yote."

"Na Joash?"

"Joash ana pikapu. Aliniomba nirudi, kweli. Nikamwambia jioni nina kazi."

"Kazi gani?"

"Kumngoja mtu."

"Pole!" akasema jirani wa chumba cha mwisho.

"Mbona hukuniambia lile dogo limekushinda?"

"Ulilichagua wewe. Niliogopa nikilirudisha, utaona nimekurudisha wewe."

Liz akamsukuma kwa kiwiko. "Nenda, dada. Mtamwamsha mtoto nyinyi, si gitaa."

Akaenda. Sanduku lilikuwa pembeni, taa za kioo juu yake ziking'aa rangi ya machungwa, na spika nyeusi iko uchi, haikufunikwa na chochote.

"Hukununua kitambaa kwingine?"

"Nilishawekewa."

Nyatichi akatoa futi shingoni, akapima upana, akapima urefu, akapima tena bila sababu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kile cha kahawia.

"Ulisema mimi ni mtu wa kununua nepi kabla ya kuoa," Nchagwa akasema. "Nimejirekebisha. Nataka kuoa kwanza. Utanikubali, Nyatichi?"

Ploti nzima ikatega sikio. Hata sufuria hazikulia.

"Mwambie ndiyo, tulale!" sauti ya chumba cha mwisho ikaomba.

"Ndiyo," akasema Nyatichi, akicheka, machozi yakimtoka. "Laleni."

Jumapili iliyofuata waliandika barua kwa mzee Motari, kumwomba ataje siku ambayo wazee wa Nchagwa wangeweza kupiga hodi kwake. Nchagwa aliandika kwa herufi zake nadhifu za kusomea mita. Nyatichi akafuta "Mheshimiwa Sana" mahali pawili, akaiacha mahali pamoja tu. Walitembea hadi posta wakiwa wameshikana mikono. Mbele ya sanduku la barua Nyatichi alilamba gundi, akaifunga bahasha, akaiweka mdomoni na kupuliza.

"Dada, hiyo ni bahasha, si chai. Mbona unaipuliza?"

"Nataka kujua kama hewa inapita."

Haikupita. Akaitumbukiza.