Kengele Iliyobebwa na Wawili

Rafiki yangu Kasimiri wa Kwihara alikuwa na uongo wa kujaza treni. Enzi za Mwingereza alimdanganya hadi padri kwamba babu yake ndiye aliyeibeba kengele ya kanisa letu kongwe toka Bagamoyo, peke yake, huku akitafuna muhogo.

Siku ya jubilei padri akamwambia mbele ya watu, "Haya, mjukuu wa shujaa, panda mnarani ukaipake mafuta!"

Kasimiri akapanda huku aibu inamchoma. Ukweli aliuficha: kengele ilining'inizwa kwenye mti, ikabebwa mabegani na wapagazi wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Huko Ugogo babu yake alitupa upande wake akatoroka. Mwenzake akafia njiani.

Mchana ule mnarani mlikuwa giza kama tumboni mwa tembo. Nyuma yake akasikia mtu anahema, kama mwenye mzigo mzito.

"Nani?"

"Nipokee, mwenzangu."

Kasimiri akalia. "Nisamehe, mzee wangu. Babu alikukimbia, nami nimemsifia uongo."

Kuhema hakukukoma. Ncha ya mti ikamshukia begani, taratibu, na yule wa nyuma akaanza kutembea.