Faili Lililomvua Ushungi Mwanangu

Nina miaka arobaini na sita, mjane, na kazi yangu ni kuwasinga mabibi harusi hapa Mji Mkongwe, Unguja. Nawasugua, nawapaka liwa ya msandali, wanatoka wananukia. Wasomaji wenzangu, nayaandika haya kwa uchungu... Mwenye dawa ya moyo kama wangu anieleze, mimi nimeshindwa!

Rukia ni binti wa dada yangu marehemu. Sikujaaliwa kuzaa, nimemlea yeye tangu akinyonya.

Nyumba yetu mbele ina duka la manukato aliloniachia mume wangu, nyuma kuna ua ninamofanyia kazi. Dukani alikuwa akikaa shemeji yangu, Haji. Huyu Haji aliwahi kumposa Rukia awe mke wake wa pili, Rukia akamkataa. Akacheka, akasema yamekwisha. Nami nikamwamini!

Dhahabu ya mteja ilipopotea uani, nilimwita fundi akafunga kamera, picha zikawa zinaonekana kwenye tivii ya dukani. Akanifundisha kuingia kwenye mashine ya hizo kamera kwa kompyuta, kupitia kivinjari cha intaneti, na kuhifadhi nakala ya mipangilio. Kikashuka kifaili kidogo.

"Bi Zuhura, umeme ukikuchezea, unairejesha hii tu, kila kitu kinakaa pake," alinambia. Nikajiona msomi!

Hazikupita siku nyingi wateja wakalalamika. Kamera ya uani ilikuwa ya kuangalia mlango wa nyuma, lakini mikeka ya singo nayo imo! Fundi akarudi, akaweka kiraka cheusi kwenye picha. Mikeka ikafichika, mlango ukabaki. Tukastarehe. Ila nakala mpya sikuhifadhi... Nani angefikiri?

Kisha Rukia akaposwa na kijana aliyemtaka mwenyewe. Asubuhi ya singo yake, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo. Mashine ikasahau kila kitu. Fundi simu hapokei, nyumba imejaa wanawake, liwa imeshasagwa. Nikaifungua kompyuta mwenyewe, nikalirejesha lile faili langu. Kamera ya mlango wa mbele ikawaka, jina lake lile lile, saa yake sawa. Nikapiga kigelegele! Nyengine sikuziangalia, nikakimbilia uani kwa mwanangu.

Faili lile nililihifadhi siku ya mwanzo, kabla ya kiraka kuwekwa. Likarejesha kila kitu kama kilivyokuwa siku ile... na kiraka hakikuwemo!

Rukia alikaa mkekani na kanga moja, nywele kazimwaga, nampaka liwa huku mashoga zake wakimtania. Tulicheka, jamani! Kumbe dukani wanaume wamesimama wanatutazama... Mama mmoja jirani aliyekuja kununua udi ndiye aliyeingia mbio uani.

"Bi Zuhura, zimeni hiyo tivii! Mnaonekana nyote!"

Nilikimbilia dukani, nikamkuta Haji amekaa pale pale. Hakuizima. Hakuja hata kupiga hodi. Ameshika simu anairekodi ile tivii, na alikwishawapelekea watu! Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kuwa aliyeweka kamera ni mimi, si yeye.

Kabla ya alasiri mama wa bwana harusi alifika. Hakugomba... afadhali angegomba!

"Mie sina neno na nyie, Bi Zuhura," alisema. "Lakini mwanangu kaoneshwa mchumba wake kwenye simu za watu. Hataki tena. Mahari hatuyadai."

Rukia aliyasikia yote, liwa imemkaukia mwilini.

Haji nimemtoa dukani. Kamera nimezing'oa. Lakini zile picha nitazing'oa wapi? Silali. Rukia kahamia Makunduchi kwa baba yake.

Enyi mlio na kamera, nawaomba kwa machozi! Ukibadilisha kitu, hata kidogo, hifadhi nakala upya hapo hapo. Ukirejesha, zitazame picha zote kabla hujainuka kitini. Na wanapokaa wanawake msiweke kamera kabisa, mlango utieni komeo, basi! Mimi nilitaka kulinda dhahabu, angalieni nilichopoteza.

Ijumaa iliyopita nilimfuata Rukia huko Makunduchi. Alikuwa chumbani peke yake. Aliposikia sauti yangu akajitanda ushungi, akaufunga mpaka kidevuni. Mimi niliyemuogesha! Nikamwambia ni mie mama yako, vua, joto hili.

"Nnajua ni wewe, mama," alinijibu. "Niache hivi hivi."

Hakuuvua mpaka nilipoondoka.