Nyuzi Kwenye Sufuria

"Unapika nini, Dilys?"

Kabla sijajibu, Roy akafunua sufuria. Nyuzi nne za gitaa langu la besi zilikuwa zinachemka humo, zimejikunja kama tambi.

Uso ukamwiva. Wapiga besi wa Birmingham tunajua: nyuzi zilizochoka ukizichemsha, ukali wa sauti unarudi. Na Roy hakutaka ukali. Bendi yake, gitaa la kuongoza lake, na mimi mchumba wake kazi yangu kudunda polepole huko nyuma.

"Nani anakufundisha kunipanda kichwani?"

"Clive. Ananifundisha besi iongoze wimbo. Niigonge kwa nguvu, nijibizane na gitaa."

Clive alipiga besi kwenye bendi ya Roy kabla yangu. Aliacha baada ya mlango wa gari la bendi kumvunja vidole viwili. Ajali, Roy aliniambia.

Roy akacheka kwa hasira. "Vile vidole nilivyombania mlangoni bado vinafundisha?"

Maneno yalimtoka, akashtuka mwenyewe.

"Kumbe ni wewe, Roy?"

"Alinifunika mbele ya watu wangu! Nakupenda, Dilys, usinifikishe huko."

Akanikamata mkono wa kushoto, akauvuta kuelekea maji yanayotokota. Nililia, maana gauni la kuolewa na mtu huyu lilikuwa tayari kabatini. Kisha nikampiga goti la tumbo. Sufuria ikapinduka, maji yakammwagikia miguuni, akapiga yowe. Nikazoa nyuzi zangu kwa taulo, nikabeba besi na kukimbilia kwa Clive.

"Umeumia?"

"Moyo tu. Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini mimi au mchumba wako?"

Nikafungua taulo. Tukafunga nyuzi pamoja.

"Na hiyo pete ya uchumba vua," akasema, kama kawaida yake. "Inagonga shingo ya besi, vidole haviruki."

"Pete siivui, Clive." Hata siku hiyo nilikataa. Mapenzi ni ujinga, acheni tu.

Jumapili mchana baa tunakopiga muziki ilifurika watu na bia zao. Roy akapanda jukwaani akichechemea, akaninong'oneza, "Kaa nyuma yangu, la sivyo nakuvunja vidole hapahapa."

Nikavua pete, nikaitumbukiza kwenye glasi yake ya bia.

"Clive!" nikaita kwenye maiki. "Hii ni ya vidole vyako!"

Nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikashambulia. Gitaa la Roy likamezwa, halikusikika tena. Akanirushia ngumi ikatua mdomoni, damu ikachirizika kwenye besi, sikuacha kupiga. Wanywaji wakamkamata kola na kumburuta nje.

"Ni bendi yangu! Dilys, wewe ni wangu!"

"Toka, mshenzi wewe!" mwenye baa akamfokea.

Clive alisimama karibu na jukwaa, machozi yanamtoka.

"Rudia, binti!"

Nikarudia, mkono mtupu, na vidole vikaruka.